Wasiwasi ndio akili? Mwongozo kamili wa kutibu wasiwasi uliopitiliza

Kuna msemo tunaoupenda na unaotuumiza kimyakimya: wasiwasi ndio akili. Mama anayekesha akiwaza husifiwa kuwa ana uchungu na wanawe. Mwenye duka anayehesabu fedha zilezile mara tano huitwa makini. Nimefanya kazi ya unesi Kigoma kwa miaka mingi, na wagonjwa wa wasiwasi niliowapokea karibu wote walikuja wakiutetea ugonjwa wao. Walilalamikia shingo, tumbo, moyo kwenda mbio, usingizi. Ukiugusa wasiwasi wenyewe wanashtuka: "Sasa sista, nisipowaza mimi, nani atawaza?"

Nami nilikuwa hivyohivyo. Karibu mwaka mzima nilizunguka zahanati na maduka ya dawa na shingo iliyokaza kama kamba ya nanga. Nikapimwa malaria, nikapimwa taifodi, nikapewa dawa za vidonda vya tumbo mara tatu. Hakuna aliyeniuliza nalala vipi wala nawaza nini, na mimi sikusema, kwa sababu sikuona kuwa kuwaza ni dalili. Niliona ni wajibu.

Ninachoeleza hapa ni tiba ya fikra na tabia pamoja na mazoezi ya kutuliza mwili. Ni tiba iliyopimwa kwa miongo mingi na inafanya kazi. Kwa kawaida huchukua vikao 12 hadi 16 vya kila wiki na mtaalamu, lakini sehemu kubwa ya kazi hufanywa nyumbani, kwa daftari na kalamu. Huku kwetu wataalamu ni wachache, kwa hiyo nimeandika ili mtu aanze na alichonacho.

Ujue kwanza unachotibu

Mzazi anayesubiri matokeo ya kidato cha nne hukosa usingizi, matokeo yakitoka, mazuri au mabaya, mwili unatulia. Ugonjwa ninaousema hautulii. Jambo moja likiisha unashika jingine.

Niliuelewa vizuri kupitia mama mmoja mwanika dagaa wa Kibirizi. Mume wake na kijana wake mkubwa ni wavuvi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa. Mwezi ukipevuka mitumbwi hukaa ufukweni, nyavu zinashonwa, watu wanalala. Alipoanza kuja nilidhani shida ni ziwa, na nani angemlaumu? Nikamuuliza, "Mama, wakati wa mbalamwezi, wakiwa nyumbani, unalala?"

Akanyamaza kidogo. "Mbalamwezi ndiyo nawaza ada, sista. Na hili titi la kushoto linalochoma. Na mdogo wangu aliyeko Uvinza, hapokei simu."

Wanaume wake wote wawili wako ndani wanakoroma, naye macho makavu, anatafuta la kuogopa. Hofu ya ziwa ingepumzika pamoja na mitumbwi. Yake ilikuwa inahama tu.

Madaktari hutazama hivi: wasiwasi mkubwa juu ya mambo mbalimbali, siku nyingi zaidi kuliko zisizo nao, kwa miezi 6 au zaidi, na mwenyewe hawezi kuuzuia. Pamoja nao kuwe na angalau mambo matatu kati ya sita: kutotulia, kuchoka upesi, akili kutoshika jambo, hasira za karibu, misuli kukaza, na usingizi kuharibika. Na uwe unakukwamisha, kazini au nyumbani.

Kabla ya kusema ni wasiwasi, pima mwili. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi huleta mapigo ya mbio na mikono kutetemeka. Upungufu wa damu huchosha na kuuendesha moyo. Sukari ikishuka, mtu hutoka jasho na kutetemeka. Baadhi ya dawa za pumu nazo zinatetemesha, na vinywaji vya kuongeza nguvu wanavyokunywa vijana wa bodaboda ni kahawa kwa jina lingine. Lile titi la mama yule lilipimwa, likawa salama. Kipimo kimoja kizuri kinatosha. Mwezi uliofuata alitaka lipimwe tena, na hapo ndipo tiba ilipaswa kuanza, maana kupimwa tena na tena kunalisha wasiwasi.

Usisubiri mwongozo wowote ukiwa na mawazo ya kujiua, ukisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au ukiwa na maumivu ya kifua yanayobana na kupanda kwenye mkono au taya. Nenda hospitali leo. Kigoma tuna Maweni, Tabora wana Kitete. Ukiwa mbali, anzia kituo cha afya kilicho karibu na useme wazi kinachokusumbua.

Jipime kwa maswali saba

Kuna kipimo kifupi kinachotumika duniani kote, kilichotolewa mwaka 2006. Unajiuliza: kwa wiki 2 zilizopita, nimesumbuliwa mara ngapi na haya?

1. Kuwa na hofu, wasiwasi au roho juujuu
2. Kushindwa kuuzuia wasiwasi
3. Kuwaza kupita kiasi juu ya mambo mbalimbali
4. Kushindwa kutulia
5. Kuhangaika kiasi cha kutoweza kukaa mahali pamoja
6. Kukasirika au kuudhika upesi
7. Kuogopa kana kwamba jambo baya sana litatokea

Sijasumbuliwa kabisa ni 0, siku kadhaa ni 1, zaidi ya nusu ya siku ni 2, karibu kila siku ni 3. Jumlisha. Kuanzia 5 ni wasiwasi mdogo, kuanzia 10 wa kati, kuanzia 15 mkali. Ukifika 10, mwone mhudumu wa afya hata kama unaendelea na mwongozo huu. Andika alama pamoja na tarehe, urudie kila baada ya wiki 2. Mwenye wasiwasi hukumbuka siku mbaya na kusahau nzuri, tarakimu itamkumbusha.

Wiki ya kwanza: daftari tu

Usijaribu kubadilisha kitu. Nunua daftari dogo, na kila wasiwasi ukipanda andika saa ngapi, nini kimetokea, wazo gani limepita kichwani kwa maneno yake yenyewe, mwili umefanyaje, na wewe umefanya nini. Mama wa Kibirizi anaandika kwa taabu, kwa hiyo alimwambia binti yake wa darasa la sita, naye akaandika. Mfano mmoja: "Saa nane usiku. Simu ya baba haipatikani. Wamezama. Tumbo linakata. Nimepiga mara kumi na moja."

Mwisho wa wiki pitia kurasa zote na weka alama. Yale yanayohusu tatizo lililopo leo na ambalo unaweza kulifanyia kitu, weka T. Yale yanayoanza na "je, ikiwa", weka J. Mkulima wa tumbaku wa Urambo ambaye bani lake, yaani banda la kukaushia tumbaku, linavuja ana T: atafute nyasi au bati. Akilala akiwaza "je, ikiwa soko likifunguliwa bei itaporomoka?" hiyo ni J. Hakuna kitu anachoweza kuifanyia bei usiku ule.

Utashangaa J zinavyojaa. T na J zina dawa tofauti, na watu wengi hukwama kwa sababu wanajaribu kuitatua J kama vile ni T.

Kuutuliza mwili

Hii anza wiki ya pili, na ifanye kila siku, hasa ukiwa huna wasiwasi. Mtu hajifunzi kuogelea akiwa anazama.

Pumzi kwanza. Kaa, weka mkono mmoja juu ya kifua na mwingine juu ya kitovu. Vuta hewa kwa pua ukihesabu taratibu hadi 4, mkono wa chini ndio uinuke. Toa ukihesabu hadi 6, kama unayepoza uji. Usivute hewa nyingi. Ukisikia kizunguzungu au vidole kuchomachoma, unapumua kwa nguvu mno, punguza. Dakika 5 asubuhi, dakika 5 jioni.

Kisha misuli. Njia hii aliibuni daktari wa Marekani, Edmund Jacobson, na kuichapisha Chicago mwaka 1929. Aliona kuwa mtu aliyekaza misuli kwa miaka huwa hajui tena kuwa amekaza, kwa hiyo ukimwambia "legea" hajui alegeze nini. Unamfundisha kwa kumkazisha kwanza.

Tandika mkeka, lala chali, vua mkanda na kitu chochote kinachobana. Kunja ngumi ya mkono wa kulia, kaza kwa sekunde 5 hadi 7, sikiliza ile joto na mtetemo unavyopanda hadi kwenye kiwiko. Achia kwa mara moja, vidole viangukie mkeka. Sasa kaa nayo sekunde 20 au 30 bila kufanya lolote, uusikie mkono ukiwa mzito. Tofauti hiyo ndiyo somo lenyewe. Endelea: mkono wa kushoto, mikono ya juu, paji la uso, macho na taya, mabega yakipandishwa hadi masikioni, kifua, tumbo, mapaja, mashavu ya miguu, nyayo. Penye jeraha au maumivu pita bila kukaza. Kwa mtu anayebeba ndoo kichwani au kuinama kwenye chanja siku nzima, mabega yarudie mara mbili.

Zoezi zima huchukua dakika kama 20. Baada ya wiki 2 au 3, acha kukaza, legeza tu, ukisema neno moja moyoni kila unapotoa pumzi. Wengine husema "tulia". Mama yule alichagua "Alhamdulillahi". Baada ya mwezi neno lile peke yake linaanza kushusha mabega, hata ukiwa umepakiwa kwenye daladala ya Mwanga.

Baadhi ya watu, siku za kwanza, wakilegea ndipo hofu inapopanda. Ni kama mlinzi aliyeambiwa alale. Fupisha zoezi hadi dakika 3, fumbua macho, endelea kesho.

Saa ya wasiwasi

Hii huonekana ya ajabu, na kwangu binafsi ndiyo iliyonitoa. Mtafiti wa Marekani Thomas Borkovec na wenzake waliielezea mwaka 1983. Chagua dakika 30 kila siku, mahali palepale, saa ileile, iwe mapema kabla ya kulala na isiwe kitandani. Mimi nilichukua saa kumi na moja jioni, kigoda chini ya mwembe wa nyuma ya nyumba.

Wazo likija saa nne asubuhi, huligombezi wala hulifukuzi. Unaliandika neno moja kwenye daftari na kuliambia, "Tutaonana jioni." Kisha unarudi kwenye kilicho mbele yako, unga unaoukoroga au mteja anayesubiri. Litarudi, nawe utalirudisha tena, siku ya kwanza labda mara hamsini. Jioni, kaa kwenye kigoda, fungua orodha, uwaze kwa bidii. Mengi utakuta yamekufa kabla ya jioni. Yaliyobaki ndiyo ya kufanyia kazi.

T: tatizo lipo, litatue

Zimbabwe wanaita kuwaza kupita kiasi kufungisisa. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda alianza Harare kuwafundisha akina bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kumsaidia mtu achague tatizo moja na kulitatua. Utafiti wao uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha watu walipata nafuu kubwa. Hawakuwa madaktari; walijua kusikiliza na kufuata hatua.

Hatua zenyewe: taja tatizo moja, dogo na wazi. Andika njia zote zinazokuja, hata za kipuuzi. Chagua moja. Panga siku, saa na nani atakusaidia. Fanya, rudi, tazama. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kwa miezi mitatu, katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024, "tutakula nini" lilikuwa tatizo halisi, na kumwambia mtu apumue tu kungekuwa kumdharau. Hapo ni kukaa na kikoba, kuhesabu akiba, kutafuta mawese ya kuuza.

Hata hatari ya ziwa ina sehemu yake ya T. Mama yule na mume wake walikaa wakakubaliana mambo matatu: majaketi ya kuokolea maisha yawepo kwa kila mtu na yavaliwe, injini ikaguliwe kabla ya giza kuanza, na mawingu yakibadilika wasitoke. Yakishafanyika hayo, kinachobaki ni J.

J: lihoji wazo

Daktari Aaron Beck wa Philadelphia, ambaye ndiye mwanzilishi wa tiba hii katika miaka ya 1960, aliona kuwa kati ya tukio na hisia kuna wazo linalopita kasi, na tunaliamini bila kulihoji. Simu haipatikani ni tukio. "Wamezama" ni wazo. Tumbo kukata kunafuata wazo.

Basi lihoji, kwa kuandika. Nina ushahidi gani? Nina ushahidi gani kinyume chake? Mara ngapi simu imekosekana na wakarudi? Ungemwambia nini jirani mwenye wazo hilihili? Na swali linalosahauliwa: likitokea kweli, nitafanyaje, na nani atakuwa nami? Mwenye wasiwasi hukuza uwezekano wa baya na kuudharau uwezo wake wa kulikabili. Hoji vyote viwili.

Kisha weka ukurasa wa utabiri. Upande wa kushoto andika unachoogopa kitatokea na kwa tarehe gani. Upande wa kulia, tarehe ikifika, andika kilichotokea. Baada ya wiki tatu tulifungua ukurasa wa mama yule. Kushoto mistari kumi na tisa. Kulia, kumi na nane ni "wamerudi", "kapokea", "ada imepokelewa kwa awamu". Mmoja ulitokea, ule wa kukosa dagaa: taa iliungua katikati ya usiku, wakarudi mikono mitupu. Nikamuuliza alifanyaje. "Nilikopa kwa shemeji, tukala." Kisha akautazama ule mstari kwa muda. Taa hakuwahi kuiwaza hata mara moja. Usiku wote ule wa kukesha haukuwa umeiona.

Hapo ndipo tulipourudia ule msemo wetu. Nikamwomba aandike faida za kuwaza na hasara zake. Faida aliandika moja, "nakuwa tayari", akaikata mwenyewe. Jaketi na injini vilimweka tayari. Kukesha kulimwachia shingo inayouma na wateja aliowafokea.

Acha vijitabia vinavyoulisha

Kupiga simu mara kumi na moja kunatuliza kwa dakika tano, kisha kunakufundisha kwamba bila kupiga, baya lingetokea. Ndivyo ilivyo pia kuuliza "una uhakika?" mara kwa mara, kumkatalia mtoto safari, kukagua kitasa upya, kutafuta dalili mtandaoni.

Andika orodha yake, uvipange kuanzia chepesi hadi kigumu, uanze na chepesi. Kabla ya jaribio andika unachotabiri. Yeye alishuka kutoka simu kumi na moja hadi nne, wiki iliyofuata mbili, kisha moja saa tatu usiku. Usiku wa kwanza wa simu moja alitetemeka hadi karibu saa tisa. Aliisikia ile sauti, "namba unayopiga haipatikani kwa sasa", akaiweka simu ndani ya kapu, akafunika kwa kanga, akarudi mkekani. Haikupigwa tena hadi alfajiri. Usiku wa sita alisinzia.

Hapa usitumie pumzi kama njia ya kuikimbia hofu. Pumua ili ubaki nayo hadi ishuke yenyewe.

Usingizi, kahawa na dawa

Ukikaa kitandani kama dakika 20 bila usingizi, toka, kaa penye mwanga hafifu, rudi ukisinzia. Amka saa ileile kila siku. Kahawa chungu ya Ujiji naipenda, lakini nusu ya nguvu yake hubaki mwilini saa tano hivi baadaye, inywe asubuhi. Pombe hulaza na kukuamsha usiku wa manane na hofu mara mbili.

Sala na dhikri endelea nazo. Anayekwambia jina la jirani aliyekuroga, mwepuke, maana anakupa mtu mpya wa kumwogopa.

Dawa zipo, nazo si aibu. Zinazoanza kutumika mara nyingi, kama setralini, huchukua wiki kadhaa kuonyesha nafuu, na hazikatishwi ghafla bila daktari. Valiamu za kununua dukani bila cheti ziogope: zinatuliza upesi, na mwili huzizoea upesi vilevile.

Alama zikipanda tena

Zitapanda. Kwa mama yule hupanda siku mbili za mwanzo wa giza na wiki ya kufungua shule, na sasa anazijua siku hizo kabla hazijafika. Tumeziandika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lake, kwa mwandiko wa binti: zoezi la misuli kila jioni kuanzia siku tatu kabla, kigoda saa kumi na moja, ukurasa wa utabiri ufunguliwe upya, simu moja saa tatu. Alianza na alama 17. Mara ya mwisho alipokuja alikuwa na 6, akaniletea dagaa kwenye karatasi, akasema anawahi, mwezi unaanza kufifia na wanaume wake wanapakia taa.